Aya ya Kidole na Baruti Iliyogoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa chochote. Msimamizi wa machimbo, mzee mfupi mwenye sauti ya tarumbeta ambaye sote tulimwita Kapteni, alinipokea kwenye lango la machimbo ya mawe ya chokaa, nje kidogo ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, akanitazama viatu kwanza kabla ya uso. "Mikono mfukoni," akaniambia. "Mwezi huu yote wewe iko na macho tu. Mikono nitakupa mimi, siku nikitaka." Nilikuwa kijana mwenye nguvu, mwana wa mfanyakazi wa mgodi wa shaba aliyehamia huku kutoka magharibi mwa Kenya, na nilidhani nimeajiriwa kwa ajili ya mikono hiyohiyo. Iliniuma, lakini niliitia mfukoni.

Kazi niliyokwenda kujifunza ni ya fundi baruti. Vijana wa leo wakisikia jina hilo hufikiria kishindo na vumbi. Kishindo ni cha kufumba na kufumbua tu. Kazi yenyewe ni utaratibu na kungoja. Mashine ilitoboa matundu marefu kwenye mwamba, safu kwa safu. Ndani ya kila tundu tulishusha baruti, na ndani ya baruti tukatia detoneta, kidude chembamba kama kalamu ambacho ndicho kinachoiamsha. Juu yake tulishindilia kokoto ndogo ili nguvu isitorokee mdomoni mwa tundu bali ipasue mwamba. Waya za matundu yote ziliungwa pamoja, zikavutwa mpaka kwenye kibanda cha zege alimojikinga fundi na kiboksi chake cha kupigia. Bendera nyekundu, king'ora, watu waondoke, king'ora tena, ndipo fundi abonyeze.

Kapteni hakuogopa kishindo. Aliogopa kimya. Baada ya kila mlipuko alisimama akiukodolea macho mwamba, akitafuta tundu lililogoma, yaani lile ambalo baruti yake haikulipuka pamoja na wenzake. Tundu la namna hiyo laweza kuwa limekufa kabisa, waya umekatika, basi. Laweza pia kuwa linaungua ndani kwa ndani, likalipuka baadaye mtu akiwa ameliinamia. Kwa macho huwezi kujua lipi ni lipi. Kwa hiyo kanuni ilikuwa moja: hakuna mguu unaosogea mpaka muda wa kungoja uishe, na ukiisha, anakwenda fundi peke yake. Kapteni alikuwa amemzika mwenzake aliyeuvunja muda huo.

"Mnafikiri yeye iliona moshi?" alituuliza siku moja.

"Hapana, bosi."

"Hata. Hakuna kitu iliona."

Hayo ndiyo mafunzo yangu ya ufundi. Ya imani yalikuwa kando yake, na kwa muda mrefu sikujua kwamba ni kazi moja.

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa kofia ngumu, tulikutana kwenye kibanda cha vifaa kwa ajili ya Neno. Tulikuwa watu wa makanisa mbalimbali, Waganda, Wakonzo wa milima ya hapo, Wakenya, na hakuna aliyetaka kuanza siku ya baruti bila kuombewa. Aliyetuongoza ni Kule. Kwa Wakonzo jina hilo hupewa mwana wa nne, na huyu wa nne alikuwa na mwili wa ndugu zake wote watatu wa mbele: mrefu, mpana, mwimbaji, mtoboaji hodari, mtu ambaye akicheka hata wewe uliyenuna unacheka. Kule alifumba macho, akafungua Biblia popote ilipofunguka, akashusha kidole. Aya iliyoangukiwa na kidole ndiyo ilikuwa aya ya siku. Tuliiita aya ya kidole.

Niliifurahia sana mwanzoni. Siku moja kidole kiliangukia pale paliposemwa kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe, tukacheka mpaka machozi, maana hiyo ndiyo kazi tuliyolipwa kuifanya. Siku nyingine kikamwangukia yule msaliti aliyekwenda kujinyonga, na watu wa kupanda mwamba kwa kamba wakakataa katakata kupanda. Kapteni alikuja juu. "Nyinyi nafanya kazi na mimi ama na kidole ya Kule?" akafoka. Jibu lilijulikana.

Kilichonitia hofu si aya za kutisha. Siku za aya za kutisha watu walikuwa waangalifu, wakatazama wanapokanyaga. Hofu yangu ilikuwa aya tamu. Kidole kikiangukia mahali pa ulinzi na baraka, nilianza kuona kofia zikiwekwa chini, mtu akivuka kamba kabla ya king'ora cha mwisho, mwingine akiketi kwenye sanduku la baruti kumenya muhogo. Wote walikuwa na amani mno. Niliiona hatari hiyo waziwazi, lakini sikuwa na maneno ya kuisemea.

Maneno nilipewa kijijini Bwesumbu. Nilipanda huko milimani kumposa Biira, binti wa baba mdogo wa Kule, na tangu siku hiyo Kule akawa ananiita shemeji. Baba yake Biira alikuwa katekista na mkulima wa kahawa, mtu mkavu, wa maneno machache. Mazungumzo ya mahari yalipokwisha, nikitaka kujipendekeza, nikamweleza jinsi tunavyoanza siku kwa aya ya kidole. Aliweka kikombe chini.

"Wewe nasalimia mama yako siku gani?" akauliza.

"Kila siku, baba, nikiwa nyumbani."

"Hata siku yeye hana chakula ya kukupa?"

"Hata siku hiyo."

"Basi Nyamuhanga naye ni hivyo." Nyamuhanga ndilo jina la Mungu kwa Lhukonzo. "Soma kutoka mwanzo. Kidogo, kila siku, kwa kufuatana. Mahali pakichosha, soma. Mahali pakikukasirisha, soma. Ukimaliza, nyamaza kidogo, jiulize: leo Neno nataka mimi nifanye nini? Sikusema nataka kunipa nini. Nifanye nini."

Nikamwambia nimeelewa. Akanitazama kama mtu anayetazama kahawa isiyokauka vizuri.

"Na usiruke," akaongeza.

Nilianza nilipooa. Asubuhi, kabla ya zamu, nilikaa na chai na kurasa zangu mbili tatu. Sitawadanganya: kwa muda mrefu sana hakuna kilichotokea. Nilipita katika orodha za vizazi, vipimo vya mapazia, sheria za magonjwa ya ngozi, sadaka za wanyama, nikisinzia kikombe kikiwa mkononi. Biira alikuwa akinichokoza kutoka jikoni. "Leo umefika wapi?" Nami namjibu, "Kwenye mbuzi." "Bado tu kwenye mbuzi?" Kule naye hakuniacha. "Shemeji," alisema mbele ya kundi zima, "sisi wenzako tumeshabarikiwa tangu asubuhi, wewe ungali unapima mapazia."

Lakini mtu anayekula kila siku hunenepa bila kujua ni ugali wa siku gani uliomnenepesha. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, Biira ni shahidi, na hasira zile zikaanza kuchelewa kufika. Nilimaliza Biblia nzima, nikaanza tena kutoka mwanzo, nikaanza pia kuyajua Maandiko kama mtu anavyoujua mtaa wake: nani anakaa wapi, nani alisema nini, na alikuwa anamwambia nani. Jambo lililonishangaza zaidi ni jinsi watu wa humo walivyoambiwa wangoje, tena na tena, na jinsi walivyoshindwa. Nikiwa fundi baruti niliwaelewa vizuri mno.

Kapteni alistaafu, nami nikapewa leseni na kiboksi chake cha kupigia. Kule akawa msaidizi wangu. Alikuwa amenitangulia kazini na hakuona wivu, alinishika bega akasema, "Shemeji, wewe bonyeza, mimi nitaimba." Kisha tukaazimwa, yeye na mimi, kwenye ujenzi wa barabara ya kwenda Bwera, ambako kilima kimoja cha mwamba kilikuwa kinapasuliwa ili njia ipanuliwe.

Kupasua mwamba machimboni ni tofauti na kupasua mwamba barabarani. Machimboni watu wote wanakujua na wanakuogopa. Njia ya Bwera haina anayemwogopa mtu. Mpaka wa Kongo uko mbele pale. Kuna wabadilisha fedha, malori, akina mama na mafurushi yao, bodaboda wanaopita hata mahali ambapo mbuzi angefikiri kwanza. Mhandisi wa barabara, mama mpole kutoka mashariki mwa nchi, aliniambia siku ya kwanza, "Fundi, juu ya lami mimi ndiye nasema. Juu ya baruti ni wewe. Sitakuingilia." Aliyelinda baruti ni sajini mmoja wa polisi kutoka kaskazini, aliyekaa kambini na mke na watoto, mtu wa amri fupi. Sote tulimwita afande.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa siku ya soko. Niliomba tusilipue siku ya soko, lakini mvua ilikuwa imetuchelewesha na matundu yalikuwa yameshashindiliwa. Baruti iliyokwisha kuingia ardhini haiachwi ilale. Asubuhi, mbele ya wafanyakazi wa barabara, Kule alishusha kidole chake kama kawaida. Kiliangukia ile zaburi ya malaika walioagizwa kumchukua mtu mikononi mwao asije akajikwaa mguu kwenye jiwe. Kundi lilishangilia. Jiwe! Sisi, watu wa mawe!

"Na ya kwako leo inasema nini, shemeji?" Kule akauliza.

"Mipaka ya mashamba ya makabila," nikasema. "Kutoka mtoni mpaka kilimani, kutoka kilimani mpaka mtoni."

Walicheka sana, na mimi nikacheka nao.

Tulifunga barabara pande zote mbili kwa kamba na bendera. King'ora kikalia, kikalia tena, nikabonyeza. Mwamba ulinyanyuka na kuketi. Vumbi liliposhuka nilihesabu safu kwa macho. Tundu la mwisho, lile lililoning'inia juu kabisa ya njia, lilikuwa limegoma. Jiwe lake lilisimama zima, waya ukining'inia, na kwenye ufa wa pembeni palikuwa na kitu chembamba cheupe kinachopanda. Pengine vumbi. Pengine moshi.

Nikapaza sauti: "Limegoma! Hakuna kusogea!" Muda wa kungoja ukaanza.

Upande wetu, upande wa Kasese, foleni ilikuwa tayari ndefu. Lori la chumvi ya Katwe, pikapu za ndizi, wafanyabiashara wa Kongo wanaorudi kwao, bodaboda wakipiga honi kama wanaomfukuza nyoka. Afande alinijia.

"Fundi, fungua njia."

"Bado, afande. Tundu moja halijalipuka."

"Moja tu?"

"Moja linatosha."

Hapo ndipo nikaiona bodaboda ikipenya katikati ya watu. Dereva mbele, mama mzee nyuma, na katikati yao msichana aliyeolewa juzijuzi tu, kwa kumtazama, tumbo likiwa limeshuka, kichwa kimelala mgongoni mwa dereva. Jina lake, nilikuja kulijua baadaye, lilikuwa Mbambu. Wametoka kijiji cha mlimani, na hospitali ilikuwa Bwera, ng'ambo ya mwamba wangu.

Mama mkwe wake alishuka akaja moja kwa moja kwangu, hakuuliza nani ni mkubwa. "Mwanangu, maji imeshatoka tangu asubuhi. Mtoto hageuki. Tupitishe, ssebo, bwana wangu."

Watu wakaanza kupiga kelele. Mfanyabiashara mmoja wa Kongo, mnene, mwenye suruali ya vitenge, alinifuata akitikisa mikono. "Munangoja nini, batu ya Mungu? Ile mama iko na uchungu! Mutoto iko nafia ndani, na weye unaangalia majiwe!"

Niliogopa. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu vijana hudhani wazee wa kazi hawakuogopa. Niliogopa lile tundu, niliogopa umati, na zaidi ya vyote niliogopa uso wa yule msichana, ambao haukunilaumu hata kidogo.

Kule alikuwa ameshavua fulana yake ya kung'aa. "Shemeji, mimi nakwenda."

"Wapi?"

"Juu. Natoa waya, nashusha jiwe kwa mtaimbo, wanapita. Dakika kidogo tu."

"Hapana."

"Si umesikia Neno ya leo?" Macho yake yalikuwa yanang'aa, na nawaambieni hapakuwa na majivuno humo, ni huruma tupu. "Malaika, shemeji. Mguu na jiwe. Hata jiwe imetajwa! Mungu alijua hii mama nakuja. Alituambia asubuhi, wewe unataka atuambie na king'ora?"

Akavuka kamba. Nikamkamata mkanda wa suruali kwa nyuma, kwa mikono yote miwili, naye kwa nguvu zake akaniburuta hatua kadhaa kwenye kokoto.

"Kule! Maneno hayo nimeyasoma mara mbili!"

Alisimama, bado amenipa mgongo.

"Mara ya kwanza kwenye zaburi, kama wewe," nikasema, pumzi zikinipaa. "Mara ya pili yako kwenye injili, na anayeyasema ni yule aliyempandisha Yesu juu ya hekalu akamwambia ajitupe chini. Ni maneno yaleyale, Kule. Malaika walewale. Jiwe lilelile."

Aligeuka polepole. Sijapata kuona uso ukibadilika namna ile. "Unaniita shetani? Mbele ya watu?"

"Nakuita shemeji. Na sikuachii."

Tulisimama hivyo, mimi nimeshika mkanda, yeye ananitazama kutoka juu. Moyoni nilitafuta aya ya kunitia nguvu, sikuona hata moja. Miaka yote ile ya kusoma, na kilichokuwemo ni mipaka ya mashamba. Lakini swali la baba mkwe lilikuwepo. Leo Neno nataka mimi nifanye nini? Si kupita, hilo nilishalijua. Lakini hata kusimama tu nimeshika mkanda hakukuwa jibu.

Nikatazama juu ya kilima, nje ya kamba, mahali mihogo na migomba ya watu ilipopanda mpaka mgongoni na kushuka ng'ambo ya pili. Msije mkadhani ile mipaka ya asubuhi ilikuwa ishara. Ningekuwa nimerudi kwenye kidole. Ni kwamba nilipoacha kutafuta ishara ndipo nilipopata nafasi ya kutazama. "Tumbebe," nikasema. "Kwa juu. Tuzunguke."

Umati uleule uliokuwa ukinitukana ukafumuka kama nyuki. Mkongomani alikwenda mbio kwenye mzigo wake akarudi na turubai. "Chukua! Iko nguvu, iko mupya!" Bodaboda wakang'oa milingoti miwili ya bendera. Afande mwenyewe alikaza kamba. Mbambu akalazwa, na Kule, bila kunitazama, akashika mbele, mahali penye uzito wote wakati wa kupanda. Wakapotea kwenye mihogo, mama mkwe akiwafuata huku anaomba kwa Lhukonzo.

Mimi nilibaki na tundu langu. Afande alisimama kando yangu.

"Ule mama akikufa," akasema, "mimi nasema ni wewe."

"Sema, afande."

Muda ulikwenda kwa kutambaa. Nilitamani lile tundu lilipuke. Ni aibu lakini ndivyo nilivyotamani. Nilitaka lilipuke kwa kishindo kila mtu asikie, Kule asikie huko juu, yule mama mkwe asikie. Halikulipuka. Kile cheupe kikaisha kwenye ufa.

Muda ulipokamilika nilipanda peke yangu. Nikaukuta waya umekatwa na jiwe la mlipuko wa jirani, kwa usafi kama umekatwa na kisu. Hakukuwa na kitu kilichoungua. Tundu lilikuwa limekufa tangu mwanzo. Nikaunga waya, nikashuka, king'ora, nikabonyeza, likalipuka vizuri, na njia ya Bwera ikafunguliwa.

Mbambu alizaa juu kwenye mihogo, kwenye turubai la Mkongomani. Mtoto alitoka wa buluu, hakulia. Kule alimbeba kifuani akashuka naye kilima kwa mbio mpaka hospitali, wengine wakimfuata na mama. Nilimkuta jioni kwenye benchi la nje ya wodi, shati limekauka damu. Ndani walikuwa wanampa mtoto hewa kwa mashine, na hakuna muuguzi aliyekubali kutuahidi chochote.

"Tundu?" Kule akauliza.

Ningeweza kusema uongo. Hakuna aliyekuwa nami pale juu.

"Lilikuwa limekufa. Waya ulikatika."

Alitazama damu shatini. "Kwa hivyo ningepita."

"Ungepita."

"Na yeye angezaa kwa kitanda."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akasimama, akaenda zake. Mtoto aliishi, Mungu asifiwe, ila kwa siku nyingi hatukuwa na hakika, na katika siku hizo Kule aliomba arudishwe Kasese. Kuanzia hapo sikumpata tena. Kwenye misiba ya ukoo alimsalimia Biira, akamkumbatia, kisha akapita mbele yangu kama anapita mbele ya kiti. Miaka mingi ilipita hivyo. Iliniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, na Biira alilia zaidi ya mara moja, maana mimi nilipoteza rafiki, yeye alipoteza kaka.

Mtaniuliza kama Neno lilinifariji. Halikunifariji. Nilisoma asubuhi iliyofuata mipaka iliyobaki, na asubuhi iliyofuata hiyo, na kuna siku nilisoma nimekasirika, nikimwambia Mungu wazi kwamba ningependa zaidi jibu kuliko orodha ya miji. Sikuacha, kwa sababu mama hasalimiwi siku za chakula tu. Na polepole nikaelewa jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote niliyojifunza kazini: kusoma kila siku hakukunipa uhakika kwamba nitakuwa sahihi. Kulinipa uwezo wa kusimama mahali pangu wakati sina uhakika. Aya ya kidole ilitaka Mungu aseme leo kutakuwaje. Kusoma kwa kufuatana kulinifundisha kumjua anayesema, ili mwingine akiyachukua maneno yake nitambue kwamba sauti si ile.

Sasa nimestaafu. Tuna nyumba ndogo juu ya mji wa Bwera, na kutoka barazani naona malori yakienda mpakani kwenye barabara niliyoipasua. Siku hizi hata kidole hakihitajiki. Aya za siku huja zenyewe kwenye simu, zimechorwa maua na machweo ya jua, na zote ni tamu. Jirani yangu hunitumia tano kabla sijanawa uso. Sizichukii. Huwa namwuliza tu ilikuwa inasemwa na nani, akimwambia nani, naye hukasirika, hukaa siku mbili bila kutuma, kisha huanza tena.

Majuzi, asubuhi, tukiwa na chai, bodaboda ilisimama nje. Biira alifungua mlango. Akaingia Kule. Amezeeka, mgongo umeinama kidogo, lakini bado aliujaza mlango. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti cha mbao, akaweka kofia magotini, akatazama kitabu kilichokuwa wazi mezani.

"Leo mmefika wapi?" akauliza.

Nilivua miwani. Biira ndiye aliyejibu. "Kwenye mbuzi."

Kule akatabasamu kidogo, tabasamu likapotea. "Juzi nilikuwa na tundu," akasema. "Huko machimboni. Limegoma. Mimi ndio fundi siku hizi, mpaka mwezi huu uishe, kisha nami nastaafu. Msaidizi wangu ni mutu mzuri, baba ya watoto. Asubuhi alipata aya kwa simu. Aya tamu sana, ya ulinzi, akatusomea wote. Muda haujaisha, akavuka kamba."

Alikunja kofia mikononi.

"Nikamshika mkanda," akasema.

Chai ilikuwa inapoa, na hakuna aliyeigusa.

"Akanivuta. Ana nguvu, mimi nimezeeka. Nikamwambia ile ya hekalu. Akageuka, akaniuliza kama namwita shetani mbele ya watu."

"Ukamjibu nini?"

Kule aliniinulia macho, na yalikuwa yamejaa maji. "Sasa ningemjibu nini kingine?" akasema. "Ikalipuka, shemeji. Bado nimemshika. Mawe yalipita mahali angekuwa."

Nilitaka kumwambia kwamba mlipuko huo haukubadilisha siku ile ya Mbambu. Lile tundu langu lilikuwa limekufa, na litabaki limekufa. Lakini alilijua hilo vizuri kama mimi, na hakuwa amekuja kuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Alikuwa amekuja kuniambia kwamba sasa anajua mkanda ule ulivyokuwa mzito mikononi mwangu.

Biira akaweka kikombe cha tatu. Nikavaa miwani, nikaweka kidole mahali tulipokuwa tumeishia jana, nikaanza kusoma kwa sauti habari za mbuzi wa sadaka, mnyama kwa mnyama, kiungo kwa kiungo. Nilipofika mahali panapojirudia, nikajaribu kupita haraka kwa ajili ya mgeni.

"Shemeji," Kule akasema, "usiruke."